Gari linasumbua baada ya petroli yenye ethanoli: pima mafuta kabla ya kufungua injini

Kila nchi inapoanza kuchanganya ethanoli kwenye petroli, gereji hupokea malalamiko yanayofanana. Gari lililokuwa zima linaanza kukohoa, pikipiki inagoma asubuhi, jenereta linazima lenyewe. Fundi anaanza na plagi, anahamia kwenye koili, anamalizia na pampu. Mwenye chombo analipa mara tatu na ugonjwa uko palepale. Mwongozo huu nimeuandika ili hela hiyo ibaki kwa mwenyewe. Ethanoli ni mafuta mazuri, yanatokana na miwa na mahindi yanayopandwa upya kila msimu, na naamini kabisa kwamba inastahili nafasi yake barabarani. Matatizo mengi yanayobandikwa jina lake chanzo chake ni kimojawapo kati ya vinne: maji, uchafu wa tangi la zamani, mipira iliyozeeka, au mafuta yasiyo ya chombo hicho. Karibu vyote utavigundua kwa kuyapima mafuta yenyewe na kukagua njia yanamopita, kabla hujagusa plagi.

Mwongozo unawahusu wanaojaza mafuta ya namna hii sasa hivi. Anayevuka kutoka Kyela kwenda Karonga na gari dogo anaingia Malawi, nchi ambayo imekuwa ikichanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, inayokamuliwa kutoka kwenye molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa. Zimbabwe nayo inachanganya, na kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka kati ya asilimia 5 na 20 kufuatana na uzalishaji. Ndugu zetu walioko Uingereza wanatumia E10 tangu Septemba 2021. Walioko Marekani hukutana nayo karibu kila pampu, na katika jimbo la Iowa, linaloongoza nchi hiyo kwa ethanoli ya mahindi na ambako wanaishi Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, E85 inauzwa kando ya petroli ya kawaida. Kenya ilishachanganya miaka ya 1980, kwa ethanoli ya Muhoroni, kisha ikaacha.

Namba inayofuata herufi E ni asilimia ya ethanoli kwa ujazo. E10 ni sehemu 10 za ethanoli na 90 za petroli. E85 ya Marekani jina lake linadanganya kidogo: kisheria inaweza kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, na wakati wa baridi hupunguzwa ili magari yawake.

Kipimo cha kwanza: kuna ethanoli kiasi gani?

Brazili, ambako mpango wa kitaifa wa ethanoli ulianza 1975, mteja ana haki ya kudai kipimo hiki palepale kituoni, na muuzaji hana ruhusa ya kukataa. Unaweza kukifanya mwenyewe nyuma ya gereji.

Tafuta bomba la kupimia la maabara la mililita 100 lenye kizibo. Andaa maji ya chumvi: gramu 100 za chumvi kwa kila lita ya maji. Weka mililita 50 za petroli, ongeza mililita 50 za maji hayo, funga, pindua bomba juu chini taratibu mara kama kumi, kisha liache limetulia dakika 10 hadi 15. Ethanoli huikimbia petroli na kuingia kwenye maji. Petroli itabaki juu, maji chini, na mstari kati yao utakuwa umepanda juu ya alama ya 50. Hesabu umepanda mililita ngapi, zidisha kwa 2, ongeza 1. Mstari ukisimama kwenye 63, umepanda 13. Mara mbili ni 26, ongeza 1, ethanoli ni asilimia 27. Ukisimama kwenye 54 hadi 55, hiyo ni E10. Usiposogea kabisa, mafuta yako hayana ethanoli, na ugonjwa utafute kwingine.

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, sigara na cheche, na vaa glavu. Usivute mafuta kwa mdomo. Ethanoli ya magari huwekewa kemikali makusudi ili isinyweke, nayo ni sumu.

Harufu ya petroli, au matone chini ya gari

Dalili hii ishughulikie kabla ya nyingine zote, hata kama gari linatembea vizuri. Zima injini, lisukume nje, chomoa waya hasi wa betri.

Magari na pikipiki za zamani zina mipira, oringi na gasketi za koki zilizotengenezwa kwa ajili ya petroli tupu. Ethanoli huifanya mipira ya aina hiyo ivimbe na kulainika. Mafuta yakikauka, nayo inasinyaa na kupasuka. Ndiyo maana chombo kinachotumia E10 leo na petroli tupu kesho huanza kuvuja haraka kuliko kinachobaki na aina moja. Bana kila mpira kwa vidole. Unaobonyea kama ulimi, au unaoacha weusi mkononi, umekwisha. Kagua pia oringi za nozeli (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini) na gasketi ya pampu juu ya tangi.

Unaponunua mpira mpya, soma maandishi ubavuni. Wenye alama ya 30R9 una utando wa ndani unaostahimili ethanoli pamoja na presha ya magari ya nozeli. Mpira wa bei ya chini usio na maandishi yoyote usiuweke, hata ukiwa wa muda. Na ujue jambo moja kuhusu moto: mwali wa ethanoli tupu mchana wa jua kali ni hafifu kiasi kwamba huenda usiuone. Kizimamoto cha unga kiwe karibu kabla ya kulegeza chochote.

Linakohoa kwenye mlima, muda mfupi baada ya kubadili mafuta

Injini ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Mjini hakuna shida. Ukikanyaga mafuta kupita lori, au ukianza mlima, linakosa nguvu na kukohoa; ukiachia linarudi hali yake.

Ethanoli inasafisha. Tangi lililobeba petroli tupu miaka kumi lina utando wa gundi na vumbi la kutu kwenye kuta zake, na ethanoli inaulegeza wote ndani ya matangi machache ya mwanzo. Uchafu huo unakwenda kwenye chujio la pampu, kisha kwenye filta. Injini inapohitaji mafuta machache yanapita. Inapotaka mengi yanakwama.

Pima presha. Magari mengi ya petroli yenye nozeli za kawaida hufanya kazi kwenye bar 3 hivi, ila angalia namba ya gari lako. Presha ikiwa sawa injini inapozunguka polepole, halafu ikaporomoka unapokanyaga, filta au chujio limeziba. Kwenye magari mengi ya Kijapani filta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, chini ya kiti cha nyuma, na mafundi wengi huiruka kwa sababu ya kazi ya kuitoa. Usikubali irukwe. Badili filta, safisha chujio la pampu, tembea. Filta ya pili ikiziba, tangi lisafishwe. Ya tatu ikiziba, tangi lenyewe linaoza, na filta nyingine ni hela ya kutupa.

Lilizima baada ya mvua, baada ya kuoshwa, au baada tu ya kujaza

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela nyingi, basi twende taratibu.

Petroli tupu haishikani na maji. Tone likiingia linazama chini na kukaa hapo. Ethanoli inashikana na maji, na pia inashikana na petroli, kwa hiyo petroli yenye ethanoli inaweza kuyabeba maji kidogo bila wewe kuyaona, ikayapitisha kwenye injini na kuyatoa kama mvuke kwenye ekzosi. Hiyo ni faida. Ila kuna mpaka. E10 kwenye joto la nyuzi 15 hivi inabeba karibu mililita 5 za maji kwa kila lita, yaani kijiko kimoja cha chai. Tangi la pikipiki la lita 11 linavumilia kama mililita 55. Tangi la gari la lita 45 linavumilia kama glasi moja ndogo.

Ukivuka mpaka huo, ethanoli inaiacha petroli na kufuatana na maji. Zote mbili zinashuka chini ya tangi zikiwa tabaka zito, na pampu inafyonza kutoka chini. Injini iliyokuwa inapokea petroli ghafla inapokea maji yaliyochanganyika na ethanoli. Inatikisika, inakohoa, inazima, na hairudi. Petroli iliyobaki juu nayo imeharibika, kwa sababu ethanoli ndiyo iliyokuwa inainua oktani yake, yaani uwezo wake wa kuzuia injini kugonga.

Baridi inaushusha mpaka. Mafuta yaliyokuwa safi mchana yanaweza kutengana usiku wa kipupwe, na gari lililoegeshwa zima likakataa kuwaka alfajiri. Mwenye gari anaapa kwamba hakuna aliyeligusa, naye anasema kweli.

Maji yanatoka wapi? Wengi husema ethanoli inayavuta kutoka hewani. Inavuta kweli, lakini kwenye tangi lililofungwa vizuri kazi hiyo ni ya miezi. Kwa dereva anayejaza kila siku chache, hewa karibu haihusiki kabisa. Tafuta maji yenyewe: mfuniko wa tangi wenye gasketi iliyochakaa, pikipiki iliyooshwa kwa pampu ya presha ikielekezwa kwenye mfuniko, dumu lililosuuzwa halikukauka, au tangi la chini ya ardhi la kituo lililoingiwa na maji ya mvua. Hilo la mwisho halijifichi kwa muda mrefu, kwa sababu vyombo kadhaa vilivyojaza siku hiyo huzima ndani ya kilomita chache. Ukishuku hivyo, weka risiti, weka sampuli kwenye chupa ya kioo, na rudi kituoni ukiwa na vyote viwili.

Kuhakikisha, toa nusu lita kutoka chini kabisa ya tangi, au kwa pikipiki fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta. Mimina kwenye chupa ya kioo angavu, iache robo saa. Ukiona mstari, maji yapo. Mafuta yakiwa na ukungu bila mstari, yako mpakani. Ukiwa na shaka, dondoshea rangi ya chakula ya maji: inatia rangi tabaka la maji na ethanoli, lakini petroli haiigusi.

Ukishathibitisha, usijaribu kuwasha tena. Kila msokoto wa stata unalivuta tabaka hilo mbele zaidi, hadi kwenye nozeli. Usiongeze petroli ukitumaini litayeyuka, na usiongeze spiriti: hata yakichanganyika tena hutajua una mafuta ya aina gani. Toa mafuta yote kwa pampu ya mkono. Fungua njia ya mafuta upande wa injini, elekeza mpira kwenye dumu, washa pampu ya gari kwa vipindi vifupi hadi yatoke safi. Badili filta. Jaza petroli mpya kutoka kituo kingine. Injini ikishawaka, iache kwa dakika kadhaa kabla ya kuondoka, maana mabaki kwenye nozeli yataikohoza kidogo mwanzoni.

Kwa injini za mizunguko miwili, yaani misumeno ya miti, mashine za boti na baadhi ya mashine za kukata nyasi, jambo hili ni zito zaidi. Oili yake imechanganywa kwenye petroli, nayo hubaki juu pamoja na petroli. Tabaka la chini halina oili. Injini ikifanikiwa kuzunguka nalo kwa muda, pistoni inasaga kwenye silinda ikiwa kavu na kushikana.

Imekaa wiki kadhaa, sasa haiwaki

Ugonjwa wa majenereta, mashine za nyasi na pikipiki zilizoachwa wakati mwenyewe kasafiri. Gari la nozeli huathirika kidogo kwa kuwa mfumo wake umefungwa. Kabureta lina tundu la hewa, na bakuli lake lina mafuta machache sana. Sehemu nyepesi za petroli zinapepea, gundi inabaki, na ethanoli ikishapata unyevu inaanza kula aluminiamu na shaba. Fungua bakuli: unga mweupe au wa kijani, au utando wa rangi ya kahawia, ndio jibu.

Jeti ni kipande chenye tundu linalopimia mafuta ndani ya kabureta. Ya mwendo mdogo ina tundu jembamba kuliko zote na huziba kwanza. Chombo kinachowaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha kina ugonjwa huu, karibu kwa hakika. Itoe jeti, iloweke kwenye dawa ya kabureta, ipulizie hewa ya kompresa. Waya wa chuma usiutie humo; ukilipanua tundu hata kidogo umeharibu kipimo cha mafuta. Angalia pia boya: kama limekuwa zito au limevimba, bakuli litafurika.

Kinga yake ni rahisi. Chombo kitakachokaa zaidi ya mwezi, funga koki ya mafuta huku injini inawaka, iache inywe yaliyomo kwenye bakuli hadi izime yenyewe. Kama tangi ni la chuma lijaze hadi juu ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, au limwage likauke kabisa. Nusu tangi ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Pikipiki ya kabureta inachemka, inasita ukifungua mafuta, inapiga milipuko midogo kwenye ekzosi

Kuchoma gramu moja ya petroli kunahitaji gramu 14.7 za hewa. Gramu moja ya ethanoli inahitaji 9 tu. Kwa hewa ileile, ethanoli lazima iwe nyingi zaidi. Gari lenye sensa ya oksijeni linajirekebisha lenyewe. Kabureta halijui kitu. Linapima kwa tundu, nalo tundu halibadiliki. Kwenye E10 tofauti ni ndogo na pikipiki nyingi hazilalamiki. Kwenye E20 mchanganyiko unapungukiwa mafuta kwa karibu asilimia 8, na dalili zilizotajwa hapo juu ndizo hizo.

Toa plagi baada ya mwendo mrefu. Ncha nyeupe kama chaki inathibitisha. Kaza hewa kidogo kwenye skrubu ya kabureta, inua sindano kwa hatua moja kama ina mifereji, na ikibidi weka jeti kubwa kwa saizi moja. Saizi moja, ujaribu, uangalie plagi tena. Ukirudi kwenye petroli tupu, irudishe jeti ya awali. Hili linawagusa wenye pikipiki za Kihindi zilizojaa barabarani kwetu: India yenyewe imefika asilimia 20 nchi nzima mwaka 2025, lakini pikipiki ya zamani ya kabureta haikutengenezwa kwa ajili ya mafuta hayo, hata kama chapa ni ileile.

Linazima kwenye foleni ya joto, likipoa linawaka

Ethanoli ikiwa kidogo, kama asilimia 10, inaongeza uvukaji wa petroli. Kwenye gari la kabureta lenye pampu iliyoshikizwa kwenye injini, mafuta yanageuka mvuke ndani ya bomba na pampu inashindwa kuusukuma. Karonga mwezi wa Oktoba unaweza kuliona hili mchana kweupe. Sogeza bomba la mafuta mbali na ekzosi, lifunike kwa kinga ya joto, hakikisha feni na kizuizi cha joto chini ya kabureta viko mahali pake. Gari la nozeli lenye pampu ndani ya tangi likifanya hivi, usiilaumu ethanoli: pima pampu inapokuwa ya moto, na sensa ya krenki.

Asubuhi ya baridi halishiki

Ethanoli ikiwa nyingi mambo yanageuka, uvukaji unapungua. Ethanoli tupu haitoi mvuke wa kutosha kushika moto chini ya nyuzi 13 hivi, wakati petroli inatoa hata kwenye barafu kali. Magari ya Brazili yaliyotumia ethanoli tupu, kuanzia Fiat 147 ya 1979, yalihitaji msaada wa kuwaka, na kwa miaka mingi magari ya huko yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia tu. Uliye Iowa ukiwa na gari linalokubali E85, likisumbua wakati wa baridi, jaza nusu ya petroli ya kawaida. Angalia na betri. Kwenye barafu betri dhaifu ndiyo chanzo mara nyingi kuliko mafuta.

Taa ya injini imewaka siku ileile uliyojaza

Soma makosa kwa mashine. P0171 au P0174 maana yake kompyuta inaona mafuta hayatoshi kwa hewa iliyopo, na imeongeza hadi mwisho wa uwezo wake. Ikifuatana na P0300, injini inakosa moto kwenye silinda zaidi ya moja. Swali la kwanza: ulishika pampu ipi? E85 kwa kawaida ni nafuu kuliko petroli ya kawaida, na mtu aliyehamia karibuni huvutiwa nayo bila kujua. Inataka mafuta zaidi kwa karibu theluthi, na gari lisilotengenezewa haliwezi kufikia hapo.

Kama umejaza robo tangi tu, ongeza petroli ya kawaida hadi juu, endesha polepole, na taa itazima baada ya safari kadhaa. Kama tangi zima ni E85, litolewe. Magari yanayoikubali mara nyingi yana mfuniko wa njano au maandishi kwenye mlango wa tangi. E15 ya Marekani inaruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na baadaye, lakini imekatazwa kwa pikipiki, boti na mashine ndogo zote.

Uingereza, gari la petroli la 2011 au baadaye linapokea E10 bila shida. La zamani zaidi, angalia orodha ya mtengenezaji. Na hapa niwaambie wenye injini za D4, yaani za Toyota zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zile ambazo mafundi wa Dar es Salaam wanazikwepa: katika orodha yake ya Ulaya, Toyota yenyewe imeitaja Avensis yenye 1AZ-FSE, mojawapo ya injini hizo, kuwa haifai kwa E10. Magari ya zamani ya soko la ndani la Japani nayo yalitengenezwa wakati sheria yao ilikuwa inaruhusu ethanoli asilimia 3 tu. Ukivuka mpaka na gari la namna hiyo mara moja, halitakufa. Ukilitumia kila siku, pampu ya presha kubwa na mipira yake ikaguliwe mara kwa mara.

Linakunywa mafuta kuliko zamani

Lita ya ethanoli ina theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. E10 itakupunguzia kilomita kwa asilimia 3 hivi, E20 kwa 6 au 7, E85 kwa kati ya 15 na 27. Hicho si kibovu, ndivyo mafuta yalivyo. Wabrazili wana kanuni yao: nunua ethanoli pale bei yake isipozidi asilimia 70 ya bei ya petroli. Pima tangi hadi tangi, mara kadhaa, kwa njia ileile. Upungufu ukizidi namba hizi, angalia upepo wa matairi, breki zinazoshika, sensa ya oksijeni, na uaminifu wa pampu ya kituo.

Injini inagonga

Ethanoli ina oktani kubwa, inazuia kugonga. Injini ikianza kugonga baada ya kujaza, shuku mafuta yaliyotengana, au mafuta ya taa yaliyochakachuliwa humo. Rudi kwenye chupa ya kioo.

Umejaribu spiriti, gongo, au ethanoli ya majiko

Naulizwa hili mara nyingi kuliko yote, na nia ya wanaouliza ni njema: miwa ipo, mtambo upo, petroli ni ghali. Tatizo ni maji. Pombe hata ikichemshwa na kukusanywa tena mara nyingi kiasi gani, haivuki asilimia 96 kwa uzito; maji yaliyobaki yanapanda nayo mvukeni. Gongo liko chini sana ya hapo. Viwanda huyaondoa maji ya mwisho kwa kuipitisha kwenye chembe maalumu zinazonasa maji, na ni ethanoli hiyo kavu tu inayochanganywa na petroli. Ethanoli ya majiko inaungua vizuri jikoni ikiwa na maji yake. Hakuna aliyeikausha kwa ajili ya tangi lako.

Brazili inauza ethanoli yenye maji kiasi cha asilimia 5 na magari yanakwenda, lakini ni magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake, kuanzia nozeli hadi kompyuta, na mengi yanayouzwa huko sasa yanakubali mchanganyiko wowote. Pikipiki yenye petroli nusu tangi ikimiminiwa gongo inapata kwa mara moja maji mengi kuliko mvua ya masika ingeweza kuingiza. Kama umeshamimina, usiwashe. Kazi ni ileile ya mafuta yaliyotengana: mwaga vyote, safisha bakuli na jeti, badili filta, jaza upya. Uliyoyamwaga yaweke kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, uliandike kwa nje, uyapeleke kwa anayepokea mafuta machafu. Kwenye mtaro yatashuka hadi kwenye kisima cha mtu.